Sindano ya mgongo wakati wa uchungu: wasomaji wanauliza, daktari anajibu

Katika toleo lililopita safu hii ilieleza kwa ufupi njia ambazo hospitali hutumia kupunguza uchungu wa kujifungua, na miongoni mwake tukaitaja epidurali, yaani ganzi inayopitishwa mgongoni kwa mrija mwembamba. Barua nyingi zilizotufikia baada ya hapo zilihusu njia hiyo moja, na wengi wa walioandika hawakuuliza kama inaondoa maumivu, bali waliuliza inamwachia nini mwanamke. Kwa hiyo ukurasa wa leo wote unahusu madhara ya sindano hiyo na ya ndugu yake, ganzi ya upasuaji. Barua tumezifupisha, na majina ya waandishi hatukuyachapisha.

*Shikamoo daktari. Nina ujauzito wa wiki 31, na ni wa kwanza. Hospitali ninayohudhuria kliniki imeniambia kwamba nikitaka nitawekewa epidurali, na bima ya mume wangu imekubali kulipia. Mama mkwe hataki hata kulisikia jambo hilo. Anasema sindano ya mgongo humwachia mwanamke maumivu ya kiuno mpaka uzeeni, na ananitajia jirani yao wa zamani ambaye hakutembea tena baada ya kuchomwa. Nilikuwa naogopa uchungu, sasa naiogopa sindano zaidi. Naomba uniambie madhara yake yote bila kunificha.*
*Mama kijacho, Tabata*

Marahaba, mwanangu. Sitakuficha, lakini niruhusu nianze na namna sindano yenyewe inavyofanyika, kwa sababu madhara yake mengi yanatokana na mahali dawa inapofika.

Uti wa mgongo umefunikwa na utando, na ndani ya utando huo yamo maji. Nje ya utando, kabla ya kufika kwenye mfupa, ipo nafasi nyembamba yenye mafuta na mishipa midogo ya damu, na humo hupita mishipa ya fahamu inayokwenda kwenye mji wa mimba na miguuni. Katika epidurali dawa huishia kwenye nafasi hiyo, bila kuutoboa utando. Daktari hukukalisha au kukulaza ubavu ukiwa umejikunja, huifisha ngozi kwanza kwa sindano ndogo ya ganzi, kisha huingiza sindano nyingine kati ya pingili za kiuno, chini ya pale uti wenyewe unapoishia. Sindano ikifika mahali pake, hupitisha ndani yake mrija laini wa plastiki, halafu sindano huichomoa. Watu wengi hudhani kwamba mwanamke hulala saa nzima na sindano mgongoni. Kinachobaki ni mrija tu. Dawa inayopita humo ni ganzi, mara nyingi bupivakaini, ikichanganywa na kiasi kidogo cha fentanili, ambayo ni dawa ya maumivu ya jamii ya mofini. Kuiweka huchukua takriban dakika 20, na zinahitajika nyingine kama hizo kabla haijashika vizuri.

Nikianza na jambo ambalo sijawahi kulisikia likitajwa na wanaoitisha sindano hii, ni kwamba huenda isikusaidie kama ulivyotarajia. Katika takwimu ambazo wataalamu wa ganzi ya uzazi nchini Uingereza huwapa wajawazito, takriban mwanamke 1 kati ya 8 haimtoshelezi na huhitaji kuongezewa njia nyingine ya kutuliza maumivu. Ni vyema ulijue hilo mapema, kwa sababu mwanamke aliyeahidiwa kwamba hatasikia chochote, kisha akasikia, hupata hofu kubwa kuliko yule aliyekwenda akijua.

La pili ni presha kushuka. Ganzi hulegeza mishipa ya damu ya miguuni na ya nyonga, damu hubaki huko, na mama huanza kusikia kizunguzungu na kichefuchefu. Ikishuka sana, mapigo ya moyo ya mtoto nayo huweza kupungua. Hali ya kuhitaji matibabu hutokea kwa takriban mwanamke 1 kati ya 50 wanaopata epidurali. Ndiyo sababu huwekewa dripu kabla, hupimwa presha kila baada ya dakika 5 kwa robo saa ya kwanza na kila unapoongezewa dozi, na hukatazwa kulala chali, maana mji wa mimba ukilalia mshipa mkuu wa damu huizidisha hali hiyo. Tiba yake ni ya haraka: hulazwa kwa ubavu, huongezewa maji, na ikibidi huchomwa dawa ya kupandisha presha. Madhara haya hayanitishi pale ambapo mama ana mtu wa kumwangalia. Yananitisha sana pale ambapo mkunga mmoja ana wazazi wengi na hakuna anayerudi kupima.

Yapo pia yale ya kusumbua tu. Miguu huwa mizito. Kibofu hujaa bila wewe kujua, hivyo unaweza kuwekewa mpira wa mkojo. Fentanili huleta mwasho, hasa usoni na kifuani, na mwasho huo si mzio. Wengine hutetemeka, na baadhi hupanda joto la mwili hata bila kuwa na maambukizi, jambo linaloweza kusababisha mama na mtoto wafanyiwe vipimo vya ziada.

Sasa kuhusu kiuno. Mama mkwe wako hasemi kwa ubaya, wala hajatunga, kwa kuwa amewaona wanawake waliochomwa wakilalamika kiuno. Swali ni kama wasiochomwa hawalalamiki. Watafiti wamewalinganisha wanawake waliopata epidurali na ambao hawakupata, wakawafuatilia kwa miezi kadhaa baada ya kujifungua, na hawakuona kwamba waliochomwa waliumwa kiuno kwa muda mrefu zaidi ya wenzao. Kiuno huuma kwa sababu ujauzito hulegeza maungio ya nyonga, tumbo huvuta mgongo mbele kwa miezi, na baada ya hapo mama huinama kumnyonyesha, kumwogesha na kumbeba mtoto usiku na mchana. Mahali palipochomwa panaweza kuuma kama palipogongwa kwa siku chache, na hayo ndiyo maumivu ambayo sindano inastahili kulaumiwa.

Kuhusu kupooza, siwezi kusema kilichompata jirani huyo, kwa kuwa sikumwona. Ninachoweza kukuambia ni kwamba jambo hilo lipo, na kwamba ni la nadra sana. Katika takwimu zilezile za Uingereza, ganzi ya muda kwenye sehemu ya mguu, au udhaifu wa mguu unaoisha wenyewe, humpata takriban mwanamke 1 kati ya 1,000. Ule unaozidi miezi 6 humpata 1 kati ya 13,000. Na madhara makubwa, kupooza kukiwamo, 1 kati ya 250,000. Hata mwanamke ambaye hakuchomwa kabisa anaweza kutoka leba na mguu mzito, kwa sababu kichwa cha mtoto kimeubana mshipa wa fahamu kwenye nyonga, au kwa sababu alikaa muda mrefu amepanua na kukunja miguu. Visa vya namna hiyo ni vingi kuliko vinavyosababishwa na sindano, lakini kama sindano ilichomwa, lawama huiangukia.

Kupooza kunapotokana na sindano, mara nyingi chanzo ni damu au usaha uliojikusanya kwenye ile nafasi na kuubana uti au mishipa inayotoka humo. Dalili zake ni maumivu makali ya mgongo yanayozidi badala ya kupungua, homa, miguu inayozidi kuishiwa nguvu, ganzi sehemu za siri, na kushindwa kuzuia au kutoa mkojo au choo. Ukiziona, hata ikiwa ni siku kadhaa baada ya kurudi nyumbani, rudi hospitali saa hiyohiyo na utamke kwamba ulichomwa epidurali, ili ufanyiwe kipimo cha MRI bila kuchelewa. Hapo saa zina thamani kubwa.

Jambo jingine moja, kwa siku yenyewe. Ukiwa umewekewa dawa, kisha ukasikia ladha ya chuma mdomoni, masikio yakivuma au midomo ikifa ganzi, huenda dawa imeingia kwenye mshipa wa damu. Na ukisikia mikono inakosa nguvu au pumzi inakuwa nzito, ganzi inapanda juu mno. Usivumilie hata dakika moja, wala usiogope kuonekana msumbufu. Mwite aliye karibu. Na kabla ya siku hiyo, ukiwa kliniki, uliza kama mtaalamu wa ganzi huwapo hospitalini usiku na siku za sikukuu, na ni nani atakayekupima presha baada ya kuchomwa. Kama hakuna mwenye majibu ya kueleweka kwa maswali hayo mawili, mimi nisingekushauri uichukue mahali hapo, hata kama bima inalipa.

*Daktari, nilijifungua kwa upasuaji kwa ganzi ya mgongo. Siku ya pili kilianza kichwa ambacho sijawahi kukipata maishani. Nikikaa kumnyonyesha mtoto kinapasuka, kinashuka mpaka shingoni, na masikio yanaziba. Nikilala, baada ya dakika chache kimetulia. Nilipowaambia wodini waliniambia ni uchovu, nikaruhusiwa. Nyumbani wananilaumu kwamba niliinua kichwa mapema badala ya kulala bila mto. Leo ni siku ya sita.*
*Mzazi, Mbagala*

Barua hii ilijibiwa kwa simu siku ilipofika, kwa kuwa haikuwa ya kungoja toleo, na mama huyo alikwenda hospitali. Ninaichapisha kwa ajili ya wengine, kwa sababu ameyaeleza maradhi haya vizuri kuliko ambavyo ningeyaeleza mimi.

Ganzi inayotumika zaidi hapa kwetu kwa upasuaji wa uzazi si epidurali, ni ile inayochomwa mara moja kwa sindano nyembamba mpaka ndani ya utando, kwenye maji yenyewe. Sindano hiyo huacha tundu dogo. Kwa wengi tundu hujiziba. Kwa wachache maji huendelea kuvuja, msukumo unaoubeba ubongo hupungua, na mama akisimama au akikaa ubongo huvuta tando zake kuelekea chini. Ndiyo maana kichwa huuma akikaa na kutulia akilala. Sindano ya epidurali haikusudiwi kuutoboa utando, lakini ni nene zaidi, na ikiutoboa kwa bahati mbaya uvujaji wake huwa mkubwa. Kwa hiyo, ingawa wengi hudhani kinyume chake, kichwa kikali cha namna hii huwapata takriban 1 kati ya 100 kwa epidurali, na 1 kati ya 500 kwa sindano ya upasuaji, ikiwa imetumika sindano ya kisasa yenye ncha ya mviringo kama ya penseli, ambayo husukuma nyuzi za utando pembeni badala ya kuzikata. Ikitumika ile yenye ncha ya kukata, wanaoumwa huwa wengi zaidi.

Maradhi haya ni ya zamani kama ganzi yenyewe. Daktari Mjerumani August Bier, aliyeanzisha ganzi ya namna hii mwaka 1898 katika mji wa Kiel, aliijaribu kwake na kwa msaidizi wake, na siku zilizofuata akalazimika kulala kwa sababu ya kichwa kilichouma kila aliposimama. Hapo sindano zilikuwa nene sana.

Kuhusu mto, naomba jamaa wa nyumbani wamwondolee mama lawama. Kwa miaka mingi sisi wenyewe hospitalini tuliwalazimisha wazazi walale chali bila mto saa nyingi kwa kudhani kwamba inazuia kichwa, na utafiti umeonyesha kwamba haizuii. Kulala humpa nafuu mama ambaye tayari anaumwa, lakini aliyeinua kichwa mapema hakujisababishia kitu. Inaniuma kusikia kwamba bado mzazi anaambiwa hivyo, juu ya maumivu aliyonayo.

Matibabu huanza na mapumziko, maji ya kutosha, na dawa za maumivu zinazofaa kwa anayenyonyesha, kama parasetamoli. Kahawa hutuliza kwa saa chache, lakini haizibi tundu. Maumivu yakiwa makali kiasi cha kumzuia mama kumhudumia mtoto, au yakikataa kuisha, ipo tiba ambayo wengi hawaijui: daktari huchukua damu ya mama mwenyewe kutoka mkononi, takriban mililita 20, na kuichoma kwenye nafasi ile ya epidurali, igande na kuziba tundu. Wengi hupata nafuu, wengine siku hiyohiyo, na baadhi huhitaji kurudiwa. Si tiba ya kuombwa katika kila zahanati, kwa sababu inahitaji mtaalamu na usafi wa hali ya juu, omba rufaa.

Lakini si kila kichwa baada ya kujifungua ni cha sindano, na hapa ndipo neno “uchovu” linapoweza kuua. Kifafa cha mimba huweza kutokea hata baada ya mtoto kuzaliwa, ndani ya wiki 6, na damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya ubongo. Kichwa kisichobadilika mama anapolala, kinachoambatana na kuona ukungu au nyota, kuvimba uso, maumivu ya juu ya tumbo, homa, shingo kukakamaa, degedege, au upande mmoja wa mwili kuishiwa nguvu, ni cha kukimbizwa hospitali. Na kila mzazi anayelalamika kichwa apimwe presha kabla ya kuambiwa neno lolote.

*Mke wangu aliwekewa epidurali, ikashika upande wa kulia tu. Kushoto alikuwa anasikia kila kitu mpaka waliporekebisha. Baadaye kusukuma kulichukua muda mrefu, mtoto akavutwa kwa vakyumu, na siku ya kwanza alikuwa anasinzia sana na kunyonya kwa shida. Wazee wanasema dawa ndiyo iliyomlegeza mama na kumlevya mtoto. Je, ni kweli?*
*Baba wa mtoto mmoja, Kigamboni*

Ganzi kushika upande mmoja ni jambo la kawaida katika epidurali, na halimaanishi kwamba aliyeiweka hakujua kazi. Mrija ni laini, nasi hatuoni unakoelekea ukishaingia. Ncha yake ikielekea upande mmoja, dawa nayo hubaki huko. Marekebisho ni kuuvuta nje kidogo, kumlaza mama kwa upande unaouma na kumwongezea dozi, na vikishindikana huwekewa mrija mwingine. Kosa kubwa lingekuwa kumwambia avumilie.

Kuhusu vakyumu, wazee wana sehemu ya ukweli. Epidurali huweza kurefusha muda wa kusukuma, kwa sababu mama hapati vizuri ile hamu ya kusukuma na misuli ya nyonga imelegea. Katika tafiti za zamani, ambapo dozi zilikuwa kali, wanawake waliochomwa walivutiwa watoto kwa vakyumu au koleo mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba katika tafiti zilizofanyika baada ya mwaka 2005, ambapo dozi zimepunguzwa, tofauti hiyo haikuonekana tena. Mapitio hayohayo hayakuona kwamba epidurali inaongeza upasuaji, jambo ambalo naona linasemwa sana mitaani kana kwamba limethibitishwa. Kama mke wako alivutiwa mtoto kwa sababu ya dawa, au kwa sababu ya namna mtoto alivyokuwa amelala au mapigo ya moyo wake, hilo limeandikwa kwenye faili lake, nanyi mna haki ya kuuliza.

Kuhusu mtoto, sehemu ndogo ya dawa humfikia kupitia damu ya mama, kidogo sana kuliko ambavyo humfikia mama anapochomwa pethidini, dawa ya maumivu ya jamii ya mofini, kwenye paja. Watoto wengi husinzia siku ya kwanza, na aliyevutwa kwa vakyumu huwa na sababu yake zaidi. Habari za epidurali na unyonyeshaji zinatofautiana kati ya utafiti mmoja na mwingine, hivyo sitadai kwamba haina athari yoyote. Ninachojua ni kwamba mtoto akiwekwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi mapema, na mkunga akakaa nao wakati wa kunyonya mara ya kwanza, wengi hushika ziwa bila tatizo.

*Daktari, mimi ni bibi wa wajukuu saba, na binti yangu mdogo anakaribia. Kwetu mzazi hukandwa maji ya moto tangu siku ya kwanza. Mmoja ananiambia aliyechomwa ganzi asikandwe kabisa, mwingine ananiambia akandwe zaidi, hasa kiunoni, ili dawa itoke. Nishike lipi?*
*Bibi, Temeke*

Shikamoo mama. Nakushukuru kwa kuuliza kabla, kwa sababu swali hili ni zito na hospitalini hatuliongelei.

Dawa haikai mgongoni ikingoja kutolewa. Huingia kwenye damu kidogo kidogo, ini huivunja, na ganzi huisha saa chache baada ya dozi ya mwisho. Maji ya moto hayaiharakishi. Hatari iliyopo ni nyingine. Ngozi yenye ganzi haisikii joto. Mzazi anaweza kuungua kiuno, mapaja au miguu huku amenyamaza, nawe ukadhani kwamba maji yamemfaa. Kwa hiyo asiguswe na maji ya moto, wala chupa ya maji ya moto, mpaka ganzi imeisha yote. Kulijua hilo si vigumu: mguse mapajani na miguuni kwa kitambaa cha maji baridi, umuulize kama anasikia ubaridi kama anavyousikia mkononi, kisha mwambie anyooshe mguu na kuuinua kutoka kitandani, mmoja baada ya mwingine. Kama saa 4 zimepita tangu dozi ya mwisho na bado hawezi kuinua mguu, hilo si la kungoja, mwite muuguzi.

Baada ya hapo, palipochomwa pabaki pakavu na safi kwa siku nzima ya kwanza, pasikandwe wala kupakwa kitu chochote, iwe mafuta, majani au dawa ya kuchua. Aliyepasuliwa asikandwe tumbo kabisa mpaka kidonda kipone. Na mama, naomba mwangalie mkojo: ikipita saa 6 tangu mrija au mpira wa mkojo kutolewa na hajakojoa, hata akisema hasikii haja, mwambie muuguzi, maana kibofu kilichojaa kupita kiasi huchelewa kurudia kazi yake. Mara ya kwanza kushuka kitandani washikaji wawe wawili.

*Nina selimundu, na kliniki wamenipa aspirini ndogo kila siku. Je, epidurali imekatazwa kwangu?*
*Mjamzito wa wiki 26, Kinondoni*

Aspirini ndogo peke yake haikatazi, na selimundu yenyewe haikatazi. Maumivu makali yasiyotulizwa ni mabaya zaidi kwako kuliko epidurali, ilimradi upewe maji ya kutosha, usiachwe upate baridi, na presha yako isiachwe ishuke. Kinachokataza ni damu isiyoganda sawasawa, chembe za kugandisha damu zikiwa chache mno, na maambukizi kwenye ngozi ya kiuno au yaliyoenea mwilini. Kama utaanzishiwa sindano za kuzuia damu kuganda, andika saa ya kila dozi: kwa zile za heparini nyepesi husubiriwa angalau saa 12 baada ya dozi ya kinga, na saa 24 baada ya dozi ya matibabu, kabla ya mgongo kuguswa. Omba uonane na daktari wa ganzi kabla ya wiki ya 36, usikutane naye kwa mara ya kwanza ukiwa leba.

*Hospitali ya serikali ninakohudhuria hawana epidurali. Rafiki yangu alichomwa sindano ya paja. Je, hiyo haina madhara?*
*Mama wa watoto wawili, Kimara*

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, linapendekeza epidurali kwa mjamzito mwenye afya anayeitaka, lakini linapendekeza pia dawa za jamii ya mofini, kusuguliwa mgongo, na mbinu za kupumua na kutulia. Kwamba huduma hiyo haipo katika hospitali nyingi za umma si kwa sababu wanaojifungulia huko wanaumia kidogo. Ni kwa sababu mtaalamu wa ganzi ni mmoja na chumba cha upasuaji kinamngoja. Mimi naamini kwamba hilo ni pengo la kuzibwa, nami nitaendelea kulisema.

Sindano ya paja ambayo rafiki yako aliipata huenda ni pethidini. Hupunguza makali kwa kiasi, lakini haiondoi maumivu kama epidurali. Humlevya mama, humtapisha, na kwa kuwa hufika kwa mtoto, mtoto akizaliwa saa chache baada yake anaweza kuzaliwa mlegevu na kuchelewa kuvuta pumzi. Wahudumu wakilijua hilo humwandalia kifaa cha kumsaidia kupumua kabla hajatoka. Kwa hiyo ukichomwa, kumbuka saa, na zamu ya wakunga ikibadilika mtajie saa hiyo anayeingia, hata kama imeandikwa kwenye faili.